Pengo Nililolikata Kwenye Njia ya Ng'ombe

Shelui, jioni

Mwanangu Kiula,

Salamu tulipeana alfajiri na kwaheri tutaipata kesho, kwa hiyo hapa katikati sina haja ya kukuuliza hali. Umekwenda kuwaaga shangazi zako, na kwa ninavyowajua hawakuachii mpaka ule kwa kila mmoja wao. Mama yako anakukaangia karanga za njiani. Mimi nimekaa mlangoni na karatasi hizi, na hiyo Landrova ya kazini kwako imesimama mbele yangu uani, kuku wamejilaza chini yake.

Mambo ya oili, maji ya rejeta na kukaza nati umefundishwa na watu wanaoyajua kuliko mimi. Ya kutolewa tahadhari juu ya pombe, marafiki na fedha, mama yako ameyasema wiki nzima mpaka mbuzi wameyakariri. Nayapita. Nataka kukuandikia juu ya juzi.

Juzi ulipofika ungeweza kuliacha gari kule madukani ukaja kwa miguu. Si mbali, mtu hamalizi kuvuta sigara mbili. Wewe ukatoka barabarani, ukapita katikati ya mabua ya mtama ya jirani, ukaja kusimama mlangoni kwetu mkono mmoja umeutundika dirishani kama unaanika nguo. Watu wakapiga vigelegele. Na mimi nilifurahi, siwezi kukudanganya. Nilijiona mwenyewe nilipokuwa kijana. Kisha nikamwangalia mama yako. Alikuwa hakutazami wewe, anatazama alama za matairi shambani, zile mbili zilizonyooka kutoka barabarani hadi mlangoni pake. Akaingia jikoni.

Nilimfuata.

"Baba Kiula," akasema, "huyu mtoto hajui."

"Hajui nini?"

"Usiniulize mimi. Kazi anayoiendea ni ya kuwapitisha Wazungu wapimaji porini, pasipo na barabara. Mwandikie yote, au usimwandikie kabisa."

Basi naandika yote.

Tangu mdogo ulikuwa unauliza kwa nini mjomba wako Nkungu, kaka wa pekee wa mama yako, anaishi Issuna kwa Wanyaturu wakati kaburi la baba yake liko hapa. Tulikujibu kwamba alifuata malisho. Tulikudanganya. Mjomba wako alinyimwa njia ya kupitisha ng'ombe wake, na aliyesababisha anyimwe ni mimi baba yako.

Wakati ule wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mimi nilikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja, nabeba magogo ya kuegemezea mashimo ya dhahabu kule Sekenke. Magogo hukatwa porini, kwa hiyo nilijifunza kuendesha mahali ambapo hata mbuzi husimama kwanza akafikiri. Nilikuwa wa kwanza kijijini kwetu kushika usukani. Nikiingia na lori, wazee walioitikia shikamoo yangu kwa sauti ndogo walianza kuiitikia kwa sauti kubwa. Hilo lilinilevya kuliko pombe yoyote niliyowahi kunywa, na pombe nimekunywa.

Lile korongo unalolijua, ulimovunjikia mkono ulipokuwa na miaka saba, lilikuwa njia ya ng'ombe. Ilitoka kijijini ikashuka hadi visima vya mbugani. Upana wake ni ng'ombe wanne kwenda sambamba, na huku na huku ulikuwa ukuta wa minyaa iliyopandwa na babu zetu. Njia ilikuwa ya wote. Mwenye shamba kando yake alitunza minyaa ya upande wake, mwenye mifugo aliipitisha katikati, na mwanamke mwenye mtungi kichwani alipishwa na kila kiumbe. Hapakuwa na karatasi wala bango. Kila mtoto alijua mambo mawili: mfugo wako usivuke minyaa, na ukiikata minyaa kwa shida yoyote, uzibe pengo kwa miiba siku hiyo hiyo, kabla hujala.

Mvua zilipokolea serikali ilifunga barabara kuu, gogo likalazwa njiani na mlinzi akaketi kando yake. Siku hiyo tulikuwa malori matatu. Mlinzi akatuambia tusubiri jua liwake siku mbili tatu, udongo ushike. Wenzangu wakatandika mikeka chini ya malori yao wakaanza kucheza bao. Mimi nikaona nyumbani si mbali, na mlinzi yule hakuwa mtu wa kwetu, hakujua kwamba nyuma ya kilima kuna njia ya ng'ombe inayofika hadi kijijini.

Kiula, lori lilikuwa tupu. Sikuwa na mgonjwa ndani. Tajiri hakuwa ananisubiri, hakuna aliyekuwa ananisubiri. Nilitaka tu nionekane nikiingia kijijini na lori siku ambayo malori yote yamezuiwa. Laiti ningekuwa na sababu nyingine ningekuandikia, maana nimeitafuta miaka ishirini.

Katikati ya njia nikazama. Udongo wa mbuga unaujua, kiangazi unapasuka na masika unameza. Nikasukuma gea mbele, nikarudisha nyuma, nikachimba mpaka ekseli ikalala kwenye tope. Nilihitaji matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Miti ilikuwa mbali kidogo, kiasi cha kunilowesha tu. Minyaa ilikuwa hapo hapo mkononi. Nikachukua panga nikakata minyaa ya upande wa shamba la mjane mmoja, mama Ntandu, nikakata urefu wa lori zima, huku nimejifunga shati usoni kwa sababu utomvu wake hupofusha. Nikatandika, nikapiga hendeli kuliwasha, lori likatoka.

Kwenye miti ile ile ilikuwepo migunga yenye miiba. Kuziba pengo lile kwa miiba ni kazi ndogo, mtu anaimaliza kabla nguo hazijamkaukia. Lakini nilikuwa na tope mpaka masikioni, nina njaa, na vigelegele vilikuwa vinanisubiri kule mbele. Nikasema nitaziba kesho asubuhi.

Mjomba wako aliwahi kuamka kuliko mimi. Alfajiri ng'ombe wake walishuka kwenda kunywa, yeye yuko nyuma yao kama siku zote, na wa mbele walipoona pengo wakaingia. Kundi zima likafuata. Mtama wa mama Ntandu ulikuwa umefika magotini. Hadi anafika mbele kuwatoa, wameshaumaliza upande mmoja na kuukanyaga wa pili. Mtama mchanga ni sumu kwa ng'ombe, na watatu kati yao walivimba wakafa pale pale njiani. Mjane akakosa chakula cha mwaka, na Nkungu akakosa ng'ombe na akawa mwenye makosa.

Jumbe wa kijiji akaitisha baraza siku ya pili yake. Nilikwenda nimevaa koti. Ilikuwa jua kali baada ya mvua, kila mtu anajipepea, na mimi nimefunga vifungo vyote, kwa sababu utomvu wa minyaa ulikuwa umeniunguza mikono yote miwili ikawa malengelenge.

Nkungu alisimama akasema, "Wazee, ng'ombe ni wangu, sikatai. Lakini pengo nililikuta. Limekatwa kwa panga, halikuvunjwa kwa pembe."

Jumbe akanigeukia. "Wewe ulipita na lori juzi. Minyaa uliiachaje?"

Nilikuwa na nafasi, mwanangu. Nilifikiria gogo nililolikimbia barabarani, na jinsi tajiri angenipokonya ufunguo siku hiyo hiyo akisikia.

"Niliiacha nzima," nikasema.

Mjomba wako alinitazama. Hakupandisha sauti. "Shemeji," akasema, "vua koti."

Sikusogea. Baraza zima lilikuwa linatazama vifungo vyangu. Kisha Jumbe akasema, "Hapa havuliwi mtu nguo." Akaenda moja kwa moja kwenye hukumu: ng'ombe wa Nkungu wasionekane tena kwenye njia ile. Na asiye na njia hana kisima, na asiye na kisima hana ng'ombe. Mwezi haukuisha, akaondoka na mifugo, mke na watoto wake wadogo. Alipita mbele ya mlango huu wakati mama yako anafagia ua. Wakaagana kwa kushikana mikono tu. Mimi nilikuwa ndani nimejifanya nalala.

Kwa muda mrefu niliamini nimewadanganya wazee. Nilijivunia hata hilo, kwa siri. Baadaye sana, Jumbe yule alipokuwa ameshazeeka na kuacha kazi, nilimpeleka misheni kutibiwa macho, na njiani akaniambia, bila hata kuulizwa, "Tulijua. Mtu havai koti jua lile. Lakini Nkungu alikuwa na ng'ombe, na wewe ulikuwa na lori. Chumvi yetu ililetwa na lori, wagonjwa wetu walibebwa na lori. Ungekuwa wewe ungemchagua nani?" Alidhani ananifariji. Nilishika usukani nikaendelea kuendesha, na tangu siku hiyo kila aliyenipungia mkono barabarani nilikuwa najiuliza alichokuwa anakisalimia.

Na mama yako je? Jioni ile ya baraza alinivua koti mwenyewe. Akaipaka mikono yangu samli, polepole, lengelenge moja moja, na hakuniuliza swali hata moja. Ila hajapanda tena gari ninaloliendesha mimi. Ulipopata degedege alikufunga mgongoni akakupeleka misheni kwa miguu, mimi nikiendesha lori nyuma yake taratibu, namwita kwa jina, namsihi, naye haongei wala hageuki. Watu wanasema mke wangu anaogopa magari. Nami huitikia kwamba ndiyo, anaogopa.

Ukiniuliza njia iliishia wapi, ilikufa pole pole na kila mtu akiona. Alama za magurudumu yangu zilishika maji. Masika iliyofuata maji yakapata pa kupita, yakachimba. Madereva wengine wakaziona alama, wakajua kumbe lori linapita huku, wakapita. Mahali palipochimbika wakakwepa pembeni, na pembeni pakachimbika, wakakwepa tena, wakakata minyaa wapate pa kukwepea. Mwaka hadi mwaka. Njia ya ng'ombe wanne ikawa korongo linalomeza ng'ombe mzima, mchanga wake ukashuka ukafukia visima viwili. Leo wanawake wanazunguka kilima kizima kufuata maji, na mama yako yumo, na miguu yake unaiona ilivyo. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka ishirini na kila masika inarefuka mbele ya macho ya watu.

Sasa unaelewa mama yako alikuwa anatazama nini juzi.

Najua utanijibu kwamba mavuno yameisha, na baada ya mavuno shamba ni la kila mtu, ng'ombe wa yeyote anakula mabua na mpitaji anakatiza apendapo. Ni kweli, na ni mila nzuri. Lakini walioiweka walikuwa watu wa miguu. Walifikiria kwato, ambazo zinapasua udongo na kuacha mbolea. Tairi linaukandamiza ukawa sakafu, na mvua ikija inateleza juu yake kutafuta pa kubomoa. Leo asubuhi nimekwenda na jembe kwa jirani, nimelima alama zako zote mbili toka barabarani hadi hapa, na nimemwomba radhi. Alicheka, akasema mzee unajisumbua. Mgongo wangu nao unasema hivyo hivyo.

Hiyo Landrova ina nguvu kuliko lori langu, na kwa kweli inanitia hofu kwa sababu hiyo. Mimi nilizuiliwa na tope mara nyingi, wewe hutazuiliwa. Mpimaji atakuonyesha kwa kidole, pita pale, na pale patakuwa njia ya mtu ya kwenda kuteka maji. Shuka kwanza ukaikanyage kwa miguu yako. Ukikuta mchungaji na mifugo, zima gari umwache apite, hata kama bwana anatazama saa. Ukilazimika kupita udongo laini, rudi kwa alama zile zile ulizokwenda nazo, usifungue nyingine kando eti hii ni nzuri zaidi. Na ruhusa uiombe kwa mwenye shamba mwenyewe. Wanaoshangilia gari hawana shamba hapo, nimewachunguza. Ukikata kitu, ziba kabla hujala. Hilo la mwisho ukilisahau nitajua nimekuzaa mimi kweli.

Bado jambo moja, nalo ndilo gumu.

Miaka miwili iliyopita nilipokuambia nakwenda Singida kununua mabati, nilifika hadi Issuna. Nilimkuta mjomba wako anashona kamba ya ngozi mbele ya nyumba yake. Amezeeka kuliko mimi, na mimi ndiye mkubwa. Ng'ombe wamebaki wanne. Alinipa kigoda, mkewe akaleta maji, tukaulizana habari za mvua na za watoto. Alikuuliza wewe kwa jina. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani, nimeyarudia njia nzima mdomoni.

Akaniuliza, "Shemeji, ile njia yetu bado ipo?"

Nikamwambia, "Ipo."

Akaitikia kwa kichwa, akafurahi. Akasema siku moja atakuja kuzuru kaburi la baba yake apitie kule, akaone minyaa aliyoipanda babu yake ilivyokua. Mimi nikanywa maji yangu nikaaga. Nilikwenda kuutoa uongo mmoja nikauacha wa pili, na huu wa pili ulikuwa na tabasamu juu yake. Nilirudi nikamwambia mama yako kwamba mabati yalikuwa yamekwisha. Akasema, "Nilijua yatakuwa yamekwisha."

Gari lako kesho litapanda mlima wa Sekenke, litapita Singida, na kabla ya Manyoni litapita Issuna, mlangoni pa mjomba wako. Sikutumi umwombe radhi kwa niaba yangu. Nimewatuma watu wengine wanibebee mambo yangu kiasi cha kutosha. Nataka kwenda mwenyewe, nikamwambie pengo nililikata mimi, na kwamba njia haipo. Akinifukuza nitafukuzika. Mama yako nimemweleza, na nimeona amekunja blanketi langu akaliweka karibu na karanga zako.

Nilifikiri kukuomba tu unipakie, na ungenipakia, kwa sababu hungejua unambeba nani. Ndiyo maana naandika. Barua hii nitaiweka kwenye kiti cha dereva. Uisome yote kabla ya kuwasha gari. Huenda ukanichukia, na ni haki yako, ni mjomba wako niliyemkosesha kwao na ni mama yako niliyemnyang'anya kaka. Huenda usitake kukaa nami kiti kimoja kutwa nzima, nami sitaki nikuone ukilazimika kuniambia hivyo mbele ya mama yako.

Kwa hiyo kesho hutanikuta nyumbani. Nitatangulia. Nitakuwa nimesimama kando ya barabara pale mlima unapoanzia, upande wa kushoto, na blanketi langu begani. Ukisimama, nitapanda. Ukipita, sitakupungia mkono wala sitakulaumu. Nitajua kwamba umeisoma, nami nitaanza kutembea.

Baba yako,
Kitundu